Kuilinda Nyumba Kabla ya Masika

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya nyumba na mvua. Yamkini mtu atasema, "Habari hii yajulikana, nani asiyejua kwamba mvua hunyesha na nyumba huvuja?" Ni kweli, lakini jambo lijulikanalo sana aghalabu ndilo lisiloangaliwa. Kila masika viambaza huanguka usiku juu ya watu waliolala, mapaa hung'olewa na upepo, na nafaka iliyowekwa darini huota ukungu. Mwenye nyumba husema kwamba mvua ya mwaka huo ilikuwa kubwa. Lakini jirani yake amenyeshewa mvua ile ile, na nyumba yake yasimama. Basi tofauti haikuwa katika mvua. Tofauti ilikuwa katika mambo madogo yaliyofanywa, au yasiyofanywa, katika miezi ya jua.

Neno ninalotaka mlishike ni hili: si mvua iangukayo ndiyo iharibuyo nyumba, bali ni maji yasiyoonyeshwa njia ya kwenda. Ukiyaonyesha maji njia, yatafuata kwa utii. Usipoyaonyesha, yatajitafutia yenyewe, na njia yatakayoipata itapita katika ukuta wako.

Hesabu ya maji ya paa

Kwanza na tufanye hesabu kidogo, nanyi wanafunzi mwaweza kuiandika. Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita moja ya mvua, ikianguka juu ya mahali penye mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji kamili. Sasa fikirini nyumba ambayo paa lake, pamoja na upenu, lafunika mita 8 kwa mita 6, yaani mita za mraba 48. Mvua kubwa ya masika yaweza kufika milimita 50 katika siku moja. Zidisha 48 kwa 50, upate lita 2,400. Kwa debe la lita 20, hayo ni madebe 120.

Maji hayo hayakai juu ya paa. Hushuka pande mbili na kuanguka katika mistari miwili myembamba, madebe 60 upande huu na madebe 60 upande ule, karibu kabisa na msingi. Je, yuko mtu angekubali jirani aje amwage madebe 60 ya maji chini ya ukuta wake, na kesho arudi tena? Bila shaka angemfukuza. Lakini paa lisilo na mfereji hufanya kazi hiyo kila mvua inyeshapo, na mwenyewe amelala.

Mvua si sawa katika nchi yote. Dodoma hupata karibu milimita 600 kwa mwaka, Dar es Salaam karibu milimita 1,100, na Bukoba karibu milimita 2,000. Basi nyumba yetu ya mfano ikijengwa Dar es Salaam, paa lake hupokea lita zaidi ya 52,000 kwa mwaka. Maji hayo yaweza kuwa adui, au yaweza kuwa mali. Hukumu hiyo imo mikononi mwa mwenye nyumba.

Jinsi maji yapandavyo ukutani

Watu wengi hudhani kwamba maji hushuka tu, hayapandi. Lakini mtazame utambi wa taa: chini umelowekwa katika mafuta, na mafuta hupanda mpaka kwenye mwali. Udongo nao una vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kwa vitundu hivyo maji hupanda kama yapandavyo mafuta katika utambi.

Twaeni tofali bichi lililokauka vizuri, mkalisimamishe katika sahani yenye maji ya kimo cha nusu kidole. Baada ya muda mfupi mtaona rangi ya unyevu ikipanda juu ya maji, na chini ya tofali pakilainika na kumeguka. Liacheni, nalo litalala ubavu. Hivyo ndivyo kiambaza kinavyoanguka. Hakisukumwi na mtu. Miguu yake imelowa mpaka haiwezi tena kuchukua uzito wa kichwa. Na kwa kuwa udongo hulainika polepole, kuanguka kwenyewe huweza kuja baada ya mvua kwisha, wakati watu wamekwisha kutulia wakisema hatari imepita.

Kwa hiyo mkiona ukuta una mstari wa unyevu chini, au umevimba, au umepata ufa mpana unaozidi siku kwa siku, msilaze watoto chumba kile, wala msiweke kitanda ubavuni mwake. Hameni chumba kwanza, kisha mtengeneze.

Paa la makuti na la nyasi

Paa la makuti au la nyasi si paa la kudharauliwa. Huleta ubaridi mchana wa jua, wala halipigi kelele mvua inyeshapo. Lakini lataka mambo mawili: mwinamo mkali na uangalizi wa kila mwaka. Paa lililolala sana maji hayaliteleza upesi. Hukaa ndani ya nyasi, na nyasi huoza. Mafundi wenye ujuzi huliinamisha paa kama nusu ya pembe mraba, yaani digrii 45, au zaidi. Nyasi zikatwe baada ya mvua, zikiwa zimekomaa na kukauka, maana nyasi mbichi husinyaa juu ya paa na kuacha nafasi.

Mahali pa kwanza pa kuharibika ni mgongo wa paa, pale pande mbili zikutanapo. Hapo upepo hufumua, kuku na panya huchakura, na jua hukausha. Katika mwezi wa Januari au Februari, fundi apande, atoe makuti yaliyooza, na kuyashindilia mapya kwa wingi. Kazi hiyo ni ya siku moja. Ikiachwa, maji hushuka mpaka kwenye makombamoyo na fito; na mti uliolowa huwaita mchwa. Hapo si kazi ya makuti tena, ni kazi ya kuezua nyumba nzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaweza kuongeza kwamba usipoziba tundu utaezeka nyumba.

Paa la mabati

Bati la mawimbi lilianza huko London mwaka 1829, pale mhandisi Henry Robinson Palmer alipopata hati ya kumiliki ufundi huo. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya kufunika chuma kwa madini ya zinki yaliyoyeyushwa. Tangu hapo bati limeenea duniani kote. Yafaa kukumbuka kwamba uzima wa bati umo katika ngozi ile nyembamba ya zinki. Zinki huliwa badala ya chuma, na hata palipokwaruzwa kidogo, zinki iliyo kando bado hukilinda chuma. Lakini zinki ikiisha, kutu haina huruma. Pwani, ambako hewa ina chumvi, zinki huliwa upesi kuliko bara.

Kwa hiyo, kwanza, msiache majani ya mwembe yalale juu ya bati. Majani yaliyooza hushika maji siku nyingi, na hapo kutu huanzia. Pili, misumari ipigwe juu ya mgongo wa wimbi, wala si bondeni. Bonde ni mto wa maji. Msumari uliopigwa bondeni umesimama mtoni, na tundu lake hunywa kila mvua ipitapo. Tatu, mabati yalaliane vya kutosha: ubavuni wimbi moja na nusu au mawili, na kichwani sentimita 15 isipungue, tena ukingo ulio juu usielekee upande utokako upepo wa mvua. Kwetu pwani kaskazi hukoma na kusi huanza wakati wa masika, basi fundi wa pwani na autazame upande wa kusini kwa jicho kali.

Ikiwa paa lavuja, msikimbilie kuziba mahali palipo juu ya tone. Maji huweza kuingia huku, yakatambaa juu ya mti hatua tatu, kisha yakadondoka kwingine. Njia nzuri ni hii: mchana wa jua kali funga milango na madirisha, simama ndani gizani, utazame juu. Kila tundu litakuonyesha nukta ya nuru. Pitisha ubua mwembamba katika tundu, na fundi aliye juu atauona mara moja. Kisha asugue kutu kwa brashi ya waya, afunike tundu kwa kipande cha kitambaa kigumu kilichopakwa lami, na kupaka lami tena juu yake. Apandaye juu ya bati na akanyage penye mstari wa misumari, maana chini yake pana mti. Wala asipande bati likiwa limelowa, wala karibu na nyaya za umeme.

Upepo hunyanyua

Wako wadhanio kwamba upepo husukuma paa tu. La, hulinyanyua. Shikeni ukanda wa karatasi karibu na mdomo, ukining'inia, mkapulize juu yake kwa nguvu: karatasi itainuka badala ya kushuka. Vivyo hivyo upepo upitao juu ya paa hulivuta juu, hasa penye ukingo. Mawe yanayowekwa juu ya bati hayasaidii sana, na siku ya dhoruba huwa hatari juu ya vichwa vya watu. Linalosaidia ni kufunga: makombamoyo yafungwe juu ya mwamba kwa waya imara, na mwamba ufungwe kwenye nguzo, hata paa na nguzo ziwe kitu kimoja.

Tufani kubwa ni chache katika pwani yetu, lakini zipo. Aprili ya mwaka 1872 tufani ilipiga Unguja, ikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi kwa wingi sana. Mwanzoni mwa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia. Tazameni miezi yenyewe: Aprili na Mei, katikati ya masika. Waya ufungwao siku ya jua ni wa shilingi chache; siku ya tufani hakuna fedha iwezayo kuufunga.

Mlizamu na tangi

Sasa twaja kwenye mlizamu, yaani mfereji wa bati au wa plastiki ufungwao chini ya ukingo wa paa, ambao mafundi wa siku hizi huuita gata. Kazi yake ni kuyapokea madebe yale 120 na kuyapeleka mahali upendapo wewe. Mlizamu mzuri huinama kidogo kuelekea kwenye bomba la kushukia, yapata sentimita moja kwa kila mita. Ukilala sawasawa, maji hutuama. Ukiinama katikati, maji hufurika pale pale na kuuchimba ukuta. Vishikizo vyake visiachane zaidi ya mita moja, maana mlizamu uliojaa maji ni mzito.

Mlizamu ulioziba ni mbaya kuliko kutokuwa na mlizamu. Maji hurudi nyuma chini ya bati, huingia juu ya ukuta, na kuozesha mbao za ukingo. Tena hufuga mbu. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, Dar es Salaam ilishikwa na homa ya dengi, nayo huletwa na mbu mwenye madoa meupe miguuni, atagaye katika maji machache yaliyotuama penye makopo, matairi, na mifereji ya paa. Basi kusafisha mlizamu si kazi ya nyumba tu, ni kazi ya afya. Usafishwe kabla ya masika, na tena kabla ya vuli. Mkono na ndoo vyatosha.

Maji ya bati yakipelekwa kwenye tangi au birika, ni neema kwa akina mama na watoto ambao wangeyafuata mbali. Lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na mavi ya ndege. Iacheni imwagike chini, ndipo mgeuze bomba kuelekea tangini. Tangi lifunikwe vizuri, mbu wasiingie, wala mtoto asitumbukie. Maji ya kunywa yachemshwe. Maji ya paa la makuti huwa na rangi, lakini yafaa kwa bustani na kufulia.

Ukuta na msingi

Nyumba isiyo na mlizamu nayo yaweza kulindwa, nayo ndiyo nyumba ya wengi wetu vijijini. Upenu uwe mrefu, usipungue sentimita 60, ili maji yaanguke mbali na ukuta. Pale yaangukapo, chimbeni mfereji mdogo, mwuweke kokoto au mawe ndani yake ili matone yasirushe tope ukutani, nao uinamie mahali pa mbali. Kati ya mfereji na ukuta, shindilieni udongo uinuke kuelekea nyumbani. Baraza iliyoinuliwa si mahali pa mazungumzo ya jioni tu. Ni ngao ya mguu wa ukuta.

Liko kosa moja lionekanalo katika vijiji vingi. Mtu ajengapo nyumba ya udongo, huchimba udongo wake pale pale kando ya nyumba, na shimo hubaki wazi. Masika yakija shimo huwa ziwa, nalo hunywesha msingi kwa miezi mitatu. Udongo na uchimbwe mbali. Na shimo lililokwisha kuchimbwa lifukiwe.

Tena, yafaa kusema neno juu ya saruji. Mtu apatapo fedha kidogo hupenda kukipaka kiambaza saruji, akidhani amekitia nguvu. Lakini saruji ni ngumu, na udongo ni laini. Udongo ukivimba na kusinyaa, saruji haiufuati, bali hupasuka. Maji huingia katika ufa na hayawezi kutoka. Kwa nje ukuta wang'aa, na kwa ndani ni uji. Kwa kiambaza, udongo uliochanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe, au lipu ya chokaa, ni bora, maana hupumua pamoja na ukuta. Kikandikwe upya kila mwaka palipokwanguka.

Hata nyumba za mawe hazikusalimika na sheria hii. Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wake ni mnene, lakini paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta mpaka kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa humo. Boriti huoza pale zisipoonekana, na sakafu huanguka siku moja bila ya kutoa habari. Basi mwenye nyumba ya udongo na mwenye ghorofa ya mawe wana adui mmoja, na dawa yao ni moja.

Wakati wa kazi

Kila nchi ina majira yake ya kuogopwa. Katika nchi za baridi, kama Norway na Kanada, adui ni theluji na barafu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa, kiasi cha lita 100 za maji kuwa lita 109 za barafu. Basi maji yaliyobaki katika mlizamu au katika ufa wa ukuta huganda usiku na kupasua kila kitu. Theluji nayo hulemea paa kwa uzito wake. Ndiyo sababu watu wa huko huzoa majani katika milizamu na kuziba nyufa wakati majani yaangukapo mitini, kabla ya baridi kufika. Hawangoji theluji ya kwanza. Nasi tusingoje mvua ya kwanza, maana siku hiyo fundi mmoja huitwa na nyumba kumi, na bei ya makuti na misumari hupanda.

Pwani, na mahali pote penye vuli na masika, kazi hii ifanywe katika miezi ya Januari na Februari. Bara ya kati, ambako mvua ni moja na huanza karibu na Desemba, ifanywe Septemba na Oktoba. Utaratibu wake ni huu:

1. Paa: tafuteni matundu kwa nuru ya jua, zibeni, tieni makuti mapya mgongoni, fungeni waya palipolegea.
2. Mlizamu: ondoeni majani, nyosheni mwinamo, kazeni vishikizo.
3. Ukuta: zibeni nyufa, kandikeni palipomeguka.
4. Chini: fukueni mfereji, fukieni mashimo, inueni udongo kando ya ukuta.

Kisha, mvua kubwa ya kwanza inyeshapo, mwenye nyumba asikae ndani. Na azunguke nyumba yake mara moja, atazame maji yanakokwenda. Dakika tano za mvua zitamfundisha zaidi ya mazungumzo yangu haya. Akiona maji yamesimama mahali, ajue kwamba pale hayajaonyeshwa njia; na jua likiwaka, jembe moja na saa moja ya kazi vitatosha.

Ninyi wanafunzi, fanyeni hesabu ya paa la nyumba yenu wenyewe, kisha mwasomee wazee nyumbani jumla ya madebe. Huenda hesabu hiyo ikamwinua mtu kitini kuliko maneno mengi.

Wasikilizaji, mazungumzo ya leo yamekwisha. Masika na yawakute mkiwa tayari. Kwa herini.